Kadinali Lavigerie: Aliyepitisha kikapu Ulaya, sadaka ikafika Bukumbi

Kila mwaka mwezi Januari, karibu na sikukuu ya Epifania, makanisa mengi ya Kikatoliki nchini Ufaransa na Ujerumani hupitisha kikapu cha sadaka kwa ajili ya Afrika. Desturi hiyo ina zaidi ya miaka 130. Ilitokana na barua ya Papa Leo XIII ya tarehe 20 Novemba 1890, na nyuma ya barua hiyo kulikuwa na mtu mmoja ambaye hakuwahi kuliona Ziwa Victoria, lakini jina lake haliwezi kuondolewa katika historia ya mwambao wetu wa kusini. Mtu huyo ni Kadinali Charles Lavigerie, mwanzilishi wa shirika la Wamisionari wa Afrika, ambao wengi wetu hapa Mwanza tunawajua kwa jina la White Fathers.

Wasikilizaji wetu hutuuliza mara kwa mara: michango ya kanisani kwa ajili ya maskini ilianzaje kufika huku kwetu, nani aliitoa, na ilifanya nini? Tumeona jibu zuri ni kuyaeleza maisha ya mtu huyu, kwa sababu alikuwa mwombaji mkubwa wa sadaka kuliko karibu wote wa zama zake, na maisha yake yanaonyesha faida na hatari za kazi hiyo.

Mwalimu aliyegeuka mwombaji

Charles Martial Allemand Lavigerie alizaliwa tarehe 31 Oktoba 1825 karibu na mji wa Bayonne, kusini-magharibi mwa Ufaransa. Alipata upadre mwaka 1849, akasoma sana, na akafundisha historia ya Kanisa katika chuo kikuu cha Sorbonne mjini Paris. Angeweza kuzeeka hapo akiwa mwalimu mwenye heshima zake. Lakini katika miaka ya 1850 alipewa kazi ya kuongoza shirika lililokusanya michango ya kusaidia shule za Wakristo wa Mashariki ya Kati.

Mwaka 1860 yalitokea mauaji makubwa ya Wakristo huko Lebanon na Damascus. Lavigerie alizunguka akiomba msaada Ufaransa, kisha akafunga safari mwenyewe kwenda kuugawa kwa wajane, yatima na waliochomewa nyumba. Huko Damascus alikutana na Amiri Abdelkader, Mwislamu kutoka Algeria, ambaye alikuwa amewaokoa maelfu ya Wakristo kwa kuwaficha na kuwalinda na watu wake. Safari hiyo ilimbadilisha. Aliona kwa macho kwamba fedha iliyotoka mfukoni mwa mkulima wa Ufaransa inaweza kuwa mkate mezani kwa mjane wa mbali, ilimradi yupo mtu wa kuipokea, kuisafirisha na kuifikisha.

Hapa tueleze kidogo jinsi michango ya Wakatoliki wa Ulaya ilivyopangwa wakati ule. Mwaka 1822, mjini Lyon, lilianzishwa shirika la kueneza imani lililotokana na wazo la binti mmoja wa kawaida, Pauline Jaricot. Utaratibu wake ulikuwa mwepesi: watu kumi wanaunda kikundi, kila mmoja anatoa sarafu moja ndogo kwa wiki, na mmoja wao anakusanya na kupeleka juu. Mwaka 1843 askofu wa Nancy, Charles de Forbin-Janson, alianzisha Utoto Mtakatifu, ambamo watoto walichangia watoto wenzao wa nchi za mbali. Yeyote aliyewahi kukaa kwenye kikundi cha kuweka na kukopa, au kwenye jumuiya ndogondogo, ataitambua njia hii mara moja. Haba na haba hujaza kibaba. Lavigerie mwenyewe alikuja kuwa askofu wa Nancy mwaka 1863, na mashirika hayo mawili yakawa baadaye mihimili ya kazi yake.

Njaa ya Algeria

Mwaka 1867 aliteuliwa kuwa Askofu Mkuu wa Algiers, katika koloni la Ufaransa la Algeria. Alifika wakati mbaya. Ukame, nzige na kipindupindu viliandamana, na katika miaka ya 1867 na 1868 watu walikufa kwa mamia ya maelfu. Watoto walizagaa barabarani bila baba wala mama. Lavigerie aliwakusanya karibu 1,800, akawatafutia majumba, mapadre na masista wa kuwalea. Hakuwa na fedha. Aliandika barua za kuomba kwa maaskofu wenzake na kwa magazeti, kisha akarudi Ufaransa kuhubiri na kupitisha kikapu parokia kwa parokia.

Lakini msaada huo ulizua ugomvi. Gavana wa Algeria, Marshal MacMahon, alimtuhumu kwamba anatumia njaa kuwageuza watoto wa Kiislamu kuwa Wakristo. Lavigerie alijibu kwamba hatawabatiza kwa nguvu, ila pia hatawarudisha mahali ambapo watakufa. Baadaye wengine walikuja kuchukuliwa na ndugu zao, wengi walikufa kwa maradhi, na waliobaki walilelewa kwenye misheni. Waliokua na kuoana walijengewa vijiji vyao katika bonde la Chélif.

Swali lililoulizwa Algeria halijafa mpaka leo: anayemlisha mtoto ana haki gani juu ya imani na maisha ya mtoto huyo? Lavigerie hakulimaliza. Hata hivyo, aliweka kanuni moja kwa wamisionari wake ambayo kwa wakati ule ilikuwa ngeni: wavae kama wenyeji, wale chakula cha wenyeji na wazungumze lugha ya wenyeji. Shirika la mapadre alilianzisha mwaka 1868, na la masista mwaka 1869. Kanzu nyeupe ya Algeria ndiyo iliyowapa jina la White Fathers, na ndiyo ileile iliyokuja kuonekana kwenye ufuko wa Nyanza.

Msafara wa kwanza

Mwaka 1878 Papa Leo XIII alimkabidhi Lavigerie kazi ya kupeleka wamisionari katika Afrika ya Kati. Msafara wa kwanza uliondoka Marseille mwezi Aprili mwaka huo, ukafika Zanzibar, na mwezi Juni ukaanza safari ya miguu kutoka Bagamoyo. Tabora waligawanyika: kundi moja likaenda Ziwa Tanganyika, lingine likaelekea Nyanza. Kundi la Nyanza liliongozwa na Padre Léon Livinhac, na ndani yake alikuwamo Padre Siméon Lourdel, ambaye Waganda walikuja kumwita Mapera. Mwishoni mwa Desemba 1878 walifika Kageye, ambayo leo iko wilaya ya Magu, bandari ya mitumbwi ambayo wasafiri kama Stanley walikuwa wameipitia kabla yao.

Tujiulize: sadaka ya Ulaya ilifikaje Kageye? Sarafu ya kanisani haikuwa na kazi huku. Fedha ilitoka parokiani ikaenda Lyon au Paris, ikafika Algiers kwa Lavigerie, na huko Zanzibar ikageuzwa kuwa bidhaa: marobota ya merikani na kaniki, shanga, waya wa shaba na chumvi. Bidhaa hizo zilibebwa vichwani na mabegani na wapagazi, wengi wao Wanyamwezi na Wasukuma, kwa zaidi ya kilomita 1,000. Njiani kila mtemi alidai hongo. Sehemu iliibwa, sehemu ililoa mvua, sehemu ilitumika kununulia chakula cha msafara. Kilichofika ziwani kilikuwa kipande tu cha kile kilichotolewa, na kilifika kwa jasho la vijana wa huku huku kwetu, ambao majina yao hayakuandikwa kwenye orodha za wafadhili.

Bukumbi, nyumba ya waliokombolewa

Kutoka Kageye, Lourdel na Bruda Amans walivuka ziwa kwa mtumbwi, wakafika Buganda tarehe 17 Februari 1879, na wenzao wakawafuata baadaye. Kazi kule ilianza vizuri, lakini hali ikawa ya wasiwasi, na mwezi Novemba 1882 wamisionari wakaondoka kwa mitumbwi kurudi kusini, wakiwa na watoto waliokuwa wamewakomboa utumwani. Mwaka 1883 walijenga kituo mahali palipoitwa Kamoga, katika utemi wa Bukumbi, kusini mwa mji wa Mwanza. Hiyo ndiyo misheni mama ya Jimbo Kuu Katoliki la Mwanza la leo.

Kwa miaka kadhaa Bukumbi ilikuwa kituo cha kupumzikia misafara iliyotoka Tabora, mahali pa kukimbilia mambo yalipoharibika Buganda, na nyumba ya yatima. Misafara ya watumwa ilipita karibu na ziwa, na wamisionari walitoa vitambaa na bidhaa nyingine kuwakomboa watoto. Hapo ndipo sadaka ya mtoto wa Ufaransa aliyechangia Utoto Mtakatifu ilipokutana na mtoto wa Nyanza ambaye pengine hakujua tena kijiji cha mama yake kiko upande gani.

Hatuwezi kupita hapo bila kusema ukweli kuhusu ukombozi huo. Kwa mtoto aliyekombolewa, tofauti ilikuwa ni uhai na kifo, au nyumbani na sokoni. Lakini mmisionari mwenye vitambaa alikuwa pia mnunuzi mpya sokoni. Mfanyabiashara aliyejua kwamba misheni itanunua watoto wagonjwa na wadogo hakuwa na sababu ya kuacha kuwateka. Tena, mtoto aliyekombolewa hakuwa huru kama tunavyoelewa uhuru leo; alilelewa chini ya amri ya misheni, akafundishwa dini yake na kuozwa ndani yake. Wamisionari wenyewe waliliona tatizo hilo, na Lavigerie aliliona pia. Ndiyo maana hakuridhika na kukomboa mmoja mmoja. Alianza kutafuta njia ya kuifunga biashara yenyewe.

Mfano wa mmoja aliyepitia njia hiyo ni Adrian Atiman. Alizaliwa karibu na mto Niger, akatekwa akiwa mtoto, akavushwa Sahara na kukombolewa na wamisionari nchini Algeria. Lavigerie alikuwa ameanzisha chuo katika kisiwa cha Malta cha kuwasomesha vijana Waafrika waliokombolewa wawe matabibu na makatekista. Atiman alisoma hapo, akaletwa Karema kwenye Ziwa Tanganyika, akawatibu watu kuanzia mwisho wa miaka ya 1880 hadi alipofariki mwaka 1956. Hesabu ya miaka hiyo ni zaidi ya 65, na chanzo chake ni sadaka ya watu ambao hakuwahi kuwaona.

Mwaka 1888: mahubiri yaliyotikisa Ulaya

Mwezi Mei 1888 Brazil ilifuta utumwa, na Papa Leo XIII aliwaandikia maaskofu wa nchi hiyo kuulaani. Mwezi huohuo Lavigerie, ambaye alikuwa kadinali tangu 1882, alifika kwa Papa na mahujaji kutoka Afrika, wakiwamo watu waliokombolewa utumwani. Papa alimtuma aende akaiamshe Ulaya.

Akiwa na miaka 62 na mwili wenye maradhi, alianza ziara. Tarehe 1 Julai alihubiri katika kanisa la Saint-Sulpice mjini Paris. Tarehe 31 Julai alizungumza London, katika ukumbi uliojaa Wakatoliki na Waprotestanti pamoja, jambo ambalo halikuwa la kawaida siku zile. Tarehe 15 Agosti alikuwa Brussels, katika kanisa la Mtakatifu Gudula. Mwezi Desemba alihubiri Roma. Kila alikopita, kamati za kupinga utumwa zilianzishwa na michango ikatolewa. Papa mwenyewe alitoa faranga 300,000.

Mahubiri yake yalikuwa na nguvu kwa sababu yalikuwa na habari. Alisoma barua za mapadre wake wa Tanganyika na Nyanza, akaeleza kwa sauti ya mtu aliyeshuhudia: safu za watu waliofungwa shingo, mama aliyeshindwa kubeba mzigo na mtoto kwa pamoja, vijiji vilivyochomwa usiku. Lakini kwenye mimbari za Ulaya watu wetu hawakuwa na sauti yao. Walikuwa hadithi mdomoni mwa mwingine. Takwimu za watumwa alizozitaja zilikuwa za kukisia. Lawama zake alizielekeza hasa kwa Waarabu na Waislamu, ingawa Wakristo wa Ulaya walikuwa wamewasafirisha Waafrika kuvuka Atlantiki kwa karne kadhaa, na watemi na wakubwa wa Kiafrika walikuwa na sehemu yao katika biashara hiyo. Anayeomba kwa ajili ya maskini hushawishika kuitia hadithi chumvi ili mkono wa msikilizaji ufike mfukoni. Lavigerie hakuepuka kishawishi hicho.

Sadaka ilipofuatwa na bunduki

Matokeo ya mahubiri hayo hayakuishia kwenye vikapu. Lavigerie alikuwa amependekeza hata vikosi vya watu wa kujitolea wenye silaha wa kuzuia misafara. Nchini Ujerumani, Wakatoliki walikutana katika mji wa Cologne mwezi Oktoba 1888 kuunga mkono vita dhidi ya utumwa. Wakati huohuo kampuni ya Kijerumani ilikuwa inapambana na upinzani wa Abushiri bin Salim na watu wa pwani, waliokataa kutawaliwa. Kansela Bismarck aliitumia hamasa ya kupinga utumwa kupata kura za Wakatoliki bungeni. Mwezi Januari 1889 bunge la Ujerumani liliidhinisha marki milioni 2, Hermann Wissmann akaja na askari, na mwezi Desemba mwaka huo Abushiri alinyongwa Pangani.

Kwa hiyo neno lililohubiriwa kwa ajili ya mtumwa lilisaidia kumlipia mkoloni bunduki. Na Wajerumani, baada ya kushika nchi, hawakuufuta utumwa wa ndani moja kwa moja. Sheria ya kuufuta kabisa Tanganyika ilikuja mwaka 1922, chini ya Waingereza. Kwa upande mwingine, mkutano wa mataifa 17 uliofanyika Brussels kuanzia Novemba 1889 hadi Julai 1890 uliweka mkataba dhidi ya biashara ya watumwa na wa kudhibiti uingizaji wa silaha Afrika, na kampeni ya Lavigerie ilikuwa moja ya sababu za kuitishwa kwake. Mambo haya mawili yalitoka kwenye mahubiri yaleyale, na ni vigumu kulieleza moja bila lingine.

Siku ya mamajusi

Novemba 1890 ulikuwa mwezi wa kupata na kupoteza kwa Lavigerie. Tarehe 12, mjini Algiers, aliwaandalia maofisa wa jeshi la majini la Ufaransa karamu, na katika hotuba yake akawataka Wakatoliki wa Ufaransa waikubali serikali ya jamhuri. Wafadhili wake wengi walikuwa matajiri waliotaka ufalme urudi. Walikasirika, wengi wakafunga mifuko, na misheni zikaona upungufu. Inasemekana haraka kwamba kutoa ni moyo, lakini hapa ilionekana kwamba moyo wa mtoaji una siasa zake pia, na anayemtegemea anaweza kujikuta akilipa kwa maneno anayoruhusiwa kuyasema. Lavigerie aliyasema, akakubali hasara.

Siku nane baadaye ilitoka ile barua ya Papa tuliyoitaja mwanzoni. Iliagiza kwamba kila mwaka, siku ya Epifania, makanisa yote ya Kikatoliki yakusanye sadaka kwa ajili ya misheni za Afrika na mapambano dhidi ya utumwa. Siku hiyo ilichaguliwa kwa sababu inakumbuka mamajusi waliomletea mtoto Yesu zawadi. Fedha zilipaswa kupelekwa Roma, kwenye ofisi inayosimamia misheni, ili zigawanywe kutoka huko. Kwa hiyo mchango wa Afrika haukutegemea tena sauti ya mhubiri mmoja wala hasira ya matajiri wachache. Ulikuwa na tarehe, utaratibu na mahali pa kupelekwa.

Mwisho wake, na kilichobaki

Kadinali Lavigerie alifariki Algiers tarehe 26 Novemba 1892 akiwa na umri wa miaka 67. Alizikwa katika kanisa kuu alilolijenga Carthage, Tunisia. Baada ya nchi hiyo kupata uhuru, mabaki yake yalihamishiwa Roma mwaka 1964, kwenye makao ya shirika lake. Katika nembo yake alikuwa ameandika neno moja la Kilatini, Caritas, ambalo maana yake ni upendo. Leo neno hilohilo limeandikwa kwenye ofisi za misaada za Kanisa katika majimbo mengi duniani, yakiwamo ya Tanzania.

Huku kwetu kilichobaki kinaonekana. Bukumbi, ambayo sasa iko wilaya ya Misungwi, ina parokia, ina hospitali, na ina makazi ya wazee wasiojiweza yanayotunzwa na serikali, ambayo hupokea misaada ya makanisa, misikiti, vyuo na vikundi vya akina mama. Mwelekeo wa kikapu umebadilika. Zamani kilipitishwa Paris na Lyon kwa ajili ya Nyanza. Leo kinapitishwa Nyakahoja, Kirumba na Igoma kwa ajili ya jirani wa mtaa wa pili, na anayechangia anaweza kupanda daladala akaenda kuona mchele na sabuni vimefika.

Nafasi hiyo wafadhili wa Lavigerie hawakuwa nayo. Walimwamini mhubiri, na hawakuweza kuuliza ni vitambaa vingapi vilifika, ni mtoto gani alikombolewa, wala kama bunduki zilifuata nyuma ya sadaka yao. Sisi tunaweza kuuliza. Tunaweza kuomba hesabu isomwe hadharani Jumapili inayofuata, na tunaweza kumwuliza mzee wa Bukumbi mwenyewe anahitaji nini kabla ya kumpelekea tulichoamua sisi.